Maji, Barabara na Majitaka katika Historia ya Mji wa Nairobi

Mji wa Nairobi ulipata jina lake kutokana na maji. Kabla haijajengwa hapo nyumba hata moja ya bati, Wamasai walipaita mahali hapo kwa jina la mto uliopita, na maana ya jina hilo ni maji baridi. Jambo hili lastahili kukumbukwa, kwa sababu historia ya mji huo tangu mwaka wa 1899 kwa sehemu kubwa ni historia ya kuyatafuta maji safi na ya kukosa pa kuyapeleka yaliyochafuka. Historia za miji yetu aghalabu huandikwa kwa kufuata majina ya magavana, mameya na vyama vya siasa. Katika insha hii nataka kuisoma historia ya Nairobi kwa kufuata vitu vitatu visivyotajwa sana, yaani bomba la maji, barabara, na mfereji wa majitaka. Nadhani msomaji ataona ya kuwa mipango mingi ya mji huo iliwahesabu watu ambao wapangaji walitaka kuwa nao, wala haikuwahesabu watu waliokuwako. Hesabu yenye upungufu ikiandikwa katika karatasi husahihishwa kwa kalamu. Ikiandikwa ardhini kwa chuma na saruji, haisahihishwi ila kwa gharama kubwa na kwa miaka mingi.

Tuanze na mahali penyewe. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896 kwa nia ya kulifikia Ziwa Viktoria. Ilipofika ukingoni mwa tambarare ya Athi, mwisho wa mwezi wa Mei 1899, ilikuwa imekwisha kwenda maili zaidi ya 320 kutoka baharini, na mbele yake ilikabili kazi ngumu kuliko zote zilizopita: kuipanda nchi ya Kikuyu hadi kimo cha zaidi ya mita 2,000, kisha kuteremka katika Bonde la Ufa. Kabla ya kuanza kupanda, wahandisi walihitaji mahali bapa pa kuweka karakana, maghala, mabehewa na makazi ya wafanyakazi. Walihitaji pia maji, kwa kuwa injini za siku zile ziliendeshwa kwa mvuke, na injini ya mvuke isiyo na maji ni chuma tupu. Mahali pale palikuwa na vyote viwili. Mwaka huo huo makao makuu ya reli yalihamishwa kutoka Mombasa, na John Ainsworth, aliyekuwa mtawala wa jimbo la Ukamba huko Machakos, naye akaihamisha ofisi yake.

Haifai kuwacheka wahandisi hao. Walitafuta stesheni, wakapata stesheni nzuri. Lakini ubapa ule ule ulioifaa reli ndio uliowaletea watu mashaka. Upande wa magharibi na wa kaskazini, kwenye vilima, udongo wa Nairobi ni mwekundu, nao hupitisha maji vizuri. Upande wa mashariki na wa kusini, kwenye tambarare, udongo ni mweusi wa kunata. Mvua ikinyesha huvimba na kuyazuia maji yasizame, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Ardhi yote huinama kutoka magharibi kwenda mashariki, na mito yake, yaani Nairobi, Mathare na Ngong, hufuata mwinamo huo hadi kuingia Mto Athi. Msomaji aushike moyoni mteremko huu wa kutoka udongo mwekundu kwenda udongo mweusi, maana mambo mengi yatakayosimuliwa hapa yalitokana nao.

Ramani ya kwanza ya mji ilichorwa na watu wa reli mwaka wa 1898, kabla reli yenyewe haijafika. Ilionyesha stesheni, njia za kukatiza, nyumba za watumishi wa reli na mahali pa maduka ya Wahindi. Mwafrika hakuwekewa mtaa katika ramani ile, ingawa ni mikono yake, pamoja na mikono ya vibarua kutoka Bara Hindi, iliyokuwa ikiufanya mji uwepo. Mwaka wa 1900 kanuni za mji zilitangazwa, na mpaka wake ukawekwa kuwa duara la maili moja na nusu kutoka ofisi ya mtawala. Barabara zilikatwa pana. Husimuliwa ya kuwa upana wa ile iitwayo sasa Kenyatta Avenue ulipimwa kwa haja ya mkokoteni uliokokotwa na safu ndefu ya maksai kuweza kugeuka bila kukwama. Basi barabara zilipimwa kwa kipimo cha maksai, na stesheni kwa kipimo cha injini. Kipimo cha mtu anayeamka asubuhi akataka maji ya kunawa, na mahali pa kuyamwaga akisha kunawa, kilikuwa bado hakijatumiwa.

Matokeo yake hayakukawia. Mtaa wa maduka ya Wahindi ulisongamana; vibanda vya mabati, mbao na turubai vilibanana katika ardhi iliyotuamisha maji, pasipo mfereji wa maana wa kuyaondoa. Mwaka wa 1902 tauni ilizuka. Wakuu wa mji hawakuchimba mfereji. Waliamuru mtaa uchomwe moto. Mtaa ukachomwa, na baada ya muda ukajengwa tena, na tauni ikarudi katika miaka iliyofuata. Moto huangamiza panya na vibanda, lakini hauwezi kuigeuza ardhi iliyo bapa ikawa na mwinamo. Mwaka wa 1904 madaktari walishauri mji mzima uhamishwe upelekwe mahali pa juu penye afya zaidi. Shauri lao lilikataliwa. Mji ulikuwa na umri wa miaka mitano tu, lakini karakana zilikuwa zimekwisha jengwa, viwanja vimekwisha gawiwa, na fedha zimekwisha zama ardhini. Mwaka wa 1905 mji huo huo ukafanywa makao makuu ya serikali ya Himaya badala ya Mombasa. Winston Churchill, aliyepita hapo mwaka wa 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliandika katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka wa 1908 ya kuwa mahali pale hapakufaa, lakini wakati wa kupabadili umekwisha pita.

Hapa ndipo pana fundisho la kwanza. Mahali pa mji huamuliwa mapema sana, na watu wachache sana, kwa haja ambazo aghalabu hupita. Injini za mvuke zimekwisha ondoka zamani katika reli ya Kenya, lakini mji zilioupatia mahali ungali pale pale. Katika sensa ya mwaka wa 2019 watu wake walikuwa 4,397,073, na wote huishi juu ya uamuzi uliofanywa kwa ajili ya kuzinywesha maji injini.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze kwa ufupi namna vitu vitatu tulivyovitaja vinavyotegemeana, kwa sababu wengi hudhani ni kazi tatu mbalimbali, za idara tatu mbalimbali. Maji yakiletwa mjini kwa bomba hayaishii katika mtungi. Sehemu iliyo kubwa hutumiwa kwa kuoga, kufua, kuosha vyombo na kusafisha choo, kisha hutoka nyumbani yakiwa machafu. Kwa hiyo kila ndoo ya maji safi iletwayo mjini ni karibu ndoo nzima ya majitaka itakayotakiwa kuondolewa. Mji ukiongeza mabomba ya maji pasipo kuongeza mifereji ya majitaka, huwa umejinunulia maradhi kwa fedha zake. Tena majitaka hayasukumwi kwa nguvu kama maji safi. Huenda kwa mwinamo, polepole, chini ya ardhi, kutoka nyumba ya juu hadi ya chini, mpaka mahali pa kusafishiwa. Maji hufuata mkondo, walisema wahenga, na mhandisi wa majitaka hana elimu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Mwisho, bomba na mfereji havina budi kupita mahali pasipo nyumba ya mtu, na mahali hapo ni barabara. Penye barabara iliyonyoka, mabomba hulazwa chini yake, na maji ya mvua huondoka kandokando yake. Pasipo barabara hapana pa kulaza kitu. Ndiyo maana mtaa usiokuwa na njia huwa hauna maji wala choo cha kuvuta. Si mikosi mitatu, ni mkosi mmoja.

Sasa turudi katika historia. Mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson, mjuzi wa afya ya miji, aliletwa na serikali ya Uingereza kuchunguza hali ya miji ya Afrika Mashariki. Alishauri ya kuwa mitaa ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika itengwe, na sababu aliyoitoa ilikuwa ni afya. Hapa twaona jinsi neno la daktari lilivyokuwa sheria ya ardhi. Wazungu walikuwa wamekwisha anza kukaa kwenye vilima vya magharibi na kaskazini, juu ya udongo mwekundu, katika viwanja vikubwa. Waafrika walipatiwa mwisho wa yote mahali pao, Pumwani, mapema katika miaka ya 1920, upande wa mashariki, baada ya kukaa miaka mingi katika vijiji walivyojijengea wenyewe, kama Pangani, kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wa watu wake kuhamishiwa Shauri Moyo. Katika vijiji hivyo, na katika Pumwani yenyewe, walikuwamo Waislamu wengi waliojenga kwa mtindo wa nyumba za pwani, wakakisema Kiswahili, nao ni miongoni mwa wenyeji wa kwanza wa mji ingawa vitabu huwataja kwa nadra.

Mtu aweza kusema: ni kweli palikuwa na ubaguzi wa makazi, lakini hayo yahusu nini mabomba? Yahusu sana. Penye eka nzima ya udongo mwekundu, mwenye nyumba huchimba tangi la majitaka nyuma ya nyumba yake, na ardhi ikayanywa maji yake bila kumsumbua mtu; hahitaji mfereji wa mji. Penye vyumba vinane chini ya bati moja, katika udongo mweusi usiopitisha maji, tangi kama hilo haliwezekani, na choo cha shimo hufurika kila masika. Basi ukubwa wa kiwanja ulikuwa wenyewe ni namna ya mfereji. Aliyepewa ardhi kubwa mahali pa juu alipewa pamoja nayo njia ya kuondoa uchafu. Aliyepewa ardhi ndogo mahali pa chini alinyimwa njia hiyo, naye ndiye aliyehitaji kujengewa mfereji kuliko wote. Lakini kwa muda mrefu alipewa choo cha ndoo au choo cha pamoja, na bomba la pamoja. Hata fedha za kugharimia mambo yake zilitafutwa kando: Baraza la Mji lilijifanya muuzaji wa pombe ya Waafrika huko Pumwani, na faida ikatiwa katika mfuko wa mambo ya Waafrika. Mtu alipaswa kulewa ili ajengewe.

Sababu ya mambo haya haikuwa uchache wa fedha peke yake. Serikali ilishika itikadi ya kuwa Mwafrika si mtu wa mjini. Alihesabiwa kuwa ni kibarua aliyekuja kwa muda, mwenye kipande shingoni, ambaye kazi ikiisha atarudi shambani kwao. Mtu wa muda hajengewi mfereji wa kudumu. Hesabu ya wapangaji ilikuwa sahihi kwa watu waliowatambua; ila waliowatambua walikuwa wachache kuliko waliokuwako.

Mwaka wa 1948 ulitokea mpango mkubwa kuliko yote iliyotangulia, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson. Tuseme haki: mpango huo ulikuwa na elimu nyingi, ulijaribu kuiona barabara, reli, viwanda na makazi kuwa kitu kimoja, nao ulikubali ya kuwa Waafrika wangekaa mjini na jamaa zao, katika mitaa yenye shule na soko. Lakini jina lake lenyewe lilisema ya kuwa ni mpango wa mji mkuu wa koloni, na koloni lilikuwa limebakiwa na miaka 15 tu ya kuishi. Wakati ule watu wa Nairobi walikuwa 118,976. Miaka michache baadaye ikaja hali ya hatari, na mwaka wa 1954 maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kuondolewa mjini kwa nguvu. Mji ulifungwa kama mlango. Mlango ulipofunguliwa, watu waliingia kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Mwaka wa 1963 mipaka ya mji ilipanuliwa hadi karibu kilomita 690 za mraba, na sensa ya 1969 ikahesabu watu 509,286. Ile ya 1979 ikahesabu 827,775, na ile ya 1999 ikahesabu 2,143,254.

Watu hawa wote walitaka maji. Katika miaka ya kwanza maji yalitoka katika Mto Nairobi wenyewe, kisha chemchemi za Kikuyu zikaunganishwa na mji kwa bomba mwanzoni mwa karne ya 20. Chemchemi zikawa haba. Mwaka wa 1950, mwaka ule ule Nairobi ilipopewa cheo cha jiji, bwawa la Ruiru likamalizika. Vyanzo vyote hivyo vilikuwa katika mito ambayo kwa desturi yake huingia Mto Athi, kwa hiyo mji ulikuwa ukinywa katika bonde lake wenyewe. Mwaka wa 1956 jambo jipya lilitokea ambalo ramani za barabara hazilionyeshi: bwawa la Sasumua lilimalizika kwenye miteremko ya Nyandarua, na maji yake yalikuwa ni ya mito iingiayo Tana. Tangu siku hiyo Nairobi hunywa maji ya Tana na kuyamwaga katika Athi. Mwaka wa 1994 likamalizika bwawa la Ndakaini katika Mto Thika, lenye nafasi ya mita milioni 70 za ujazo, na hilo ndilo lililokuja kuupatia mji sehemu kubwa ya maji yake. Baadaye pakachimbwa njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa karibu kilomita 12 ili kuyaongezea maji ya Ndakaini kutoka mito mingine ya Murang'a. Wakulima na viongozi wa Murang'a walilalamika na kuogopa ya kuwa mito yao itakauka. Hofu hiyo ni hoja ya historia nzima ya miji: mji ukiisha kuyamaliza maji yake huyafuata ya jirani, na jirani ana haki ya kuuliza atalipwa nini.

Kwa upande wa majitaka kazi ilikwenda nyuma ya wakati. Palijengwa mahali pa kusafishia Kariobangi, na baadaye madimbwi makubwa huko Ruai, kwenye tambarare ya mashariki, maana mwinamo haukuruhusu kwingine. Mifereji mikuu ilifuata mabonde ya mito. Lakini mabonde hayo ndiyo mahali pekee ambapo maskini aliyeingia mjini bila kuhesabiwa aliweza kusimamisha banda lake pasipo kufukuzwa siku ile ile. Kwa hiyo yakatokea mambo ya kushangaza: bomba la majitaka ya wengine likapita chini ya miguu ya watu wasiokuwa na choo, na bomba la maji ya wengine likapita karibu na mlango wa mtu anayenunua maji kwa mtungi, kwa bei inayozidi ile ya mwenye bomba nyumbani.

Mfano wa bwawa la Nairobi watosha. Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953 kwa kuuzuia Mto Ngong, upande wa kusini wa mji, liwe akiba ya maji wakati wa dhiki. Juu yake palikuwa na Kibera, ambapo askari wa Kisudani waliomtumikia Mwingereza walipewa ardhi mwanzoni mwa karne, na ambapo, kwa kuwa hapakuingizwa katika mipango ya mji, walikuja kukaa maelfu kwa maelfu ya watu pasipo mifereji. Uchafu na udongo ukafuata mkondo. Bwawa likajaa tope na magugu, na akiba ya dhiki ikawa yenyewe ni dhiki. Wajenzi wa bwawa walipima kina, kimo na nguvu ya ukuta. Jambo ambalo hawakulipima ni watu waliokaa juu yake. Mtu asiyehesabiwa katika mpango hatoweki kwa sababu hiyo. Hujihesabisha mwenyewe, na hutumia maji kutuma salamu zake.

Si haki, hata hivyo, kuandika makosa peke yake. Yapo majaribio ambayo mwanafunzi wa historia hana budi kuyatazama kwa heshima. La kwanza ni lile la Dandora. Katika miaka ya 1970, Halmashauri ya Jiji na Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliokubaliwa mwaka wa 1975, ziliamua kugeuza utaratibu. Badala ya kumjengea maskini nyumba nzima ambayo angeshindwa kuilipia, walipima viwanja 6,000, wakakata njia, wakalaza mabomba ya maji na ya majitaka, wakajenga choo na bafu katika kila kiwanja, kisha wakamwachia mwenyewe ajenge vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Bomba likatangulia, nyumba ikafuata. Jaribio hilo halikukosa ila. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha, watu wakawa wengi kuliko mifereji ilivyokusudiwa, na fukara kuliko wote wakarudi kuwa wapangaji. Lakini kosa la mfereji uliozidiwa ni kosa linaloweza kutengenezwa. Kosa la mtaa usio na nafasi ya mfereji ni gumu mno kutengeneza, maana kila hatua humtaka mtu fulani abomolewe nyumba.

La pili ni la karibuni zaidi. Mwaka wa 2017 serikali ya Kaunti ilitangaza vijiji vya Mukuru, vilivyo kandokando ya Mto Ngong katika sehemu ya viwanda, kuwa ni eneo la kupangwa kwa namna ya pekee. Wenyeji waliitwa waketi pamoja na wapimaji, wanasheria na walimu wa vyuo vikuu, wakihesabu nyumba kwa nyumba na kushauriana upana wa njia. Upana wa njia ndio ulikuwa shauri zito, kwa maana kila mita moja inayoongezwa ni mlango wa mtu. Sitaki kusema ya kuwa kazi hiyo imekwisha fanikiwa. Nasema tu ya kuwa watu ambao ramani ya 1898 haikuwawekea mtaa, wao na walio mfano wao, walikuwa sasa wameshika penseli.

Palikuwa na mipango mingine mikubwa, kama ule wa 1973 uliokusudia kuupanua mji mpaka mwisho wa karne, na ule wa 2014 uliofuata baada ya muda mrefu wa kukaa bila mpango unaofuatwa. Mpango wa kwenye karatasi hauondoi maji. Katika masika ya mwaka wa 2024 mito ya Nairobi ilifurika, ikaua watu na kuzibeba nyumba, na Mathare ikaumia sana. Serikali iliwaamuru wakaao ndani ya mita 30 kutoka mitoni waondoke. Amri hiyo ilikuwa na sababu, kwa kuwa mto una haki ya kitanda chake. Lakini aliyeamriwa kuondoka aliuliza aende wapi, na swali hilo ndilo lile ambalo mji haukulijibu mwaka wa 1898, wala 1902 ulipochomwa mtaa, wala ilipobomolewa Pangani. Moto, nyundo na tingatinga ni vyombo vitatu vya hoja moja: ya kuwa watu wakiondolewa machoni, haja yao ya maji na choo huondoka pamoja nao. Historia ya zaidi ya miaka 120 haikupata kuithibitisha hoja hiyo hata mara moja.

Wapo wasemao ya kuwa lawama zote ni za mahali, na ya kuwa mji ungalihamishwa mwaka wa 1904 mambo yangalikuwa mema. Sikubali. Ungalihamishwa ukawekwa juu ya kilima, bado kilima kingalikuwa na upande wa juu na upande wa chini, na wale wasiohesabiwa wangaliusukuma uhai wao upande wa chini. Wapo pia wasemao ya kuwa lawama ni za watu waliokuja bila kualikwa. Hao nawauliza: ni nani aliyealikwa Nairobi? Mhandisi alikuja kwa amri, mfanyabiashara kwa faida, mlowezi kwa ardhi, na kibarua kwa sababu kodi ya kichwa ilitakiwa kulipwa kwa fedha. Wote waliingia kwa njia ile ile ya reli, na wote, tangu siku ya kwanza, walihitaji maji asubuhi.

Mto Athi, ukiisha kuyapokea maji ya Nairobi, huzunguka nyika, huitwa Galana, kisha huitwa Sabaki, na mwisho huingia bahari karibu na Malindi. Wakati wa mvua, watu wa Malindi huyaona maji ya bahari yakibadilika rangi kwa udongo wa bara. Katika udongo huo yamo pia masalio ya mji ulio mbali, ambao wavuvi wengi wa hapo hawajauona, na ambao mipango yake haikupata kuwataja. Wanafunzi wetu watakaokuwa wahandisi na wapimaji, katika Nairobi au Dar es Salaam, Kampala au Mwanza, watafundishwa kupima kimo, mwinamo na wingi wa maji, na elimu hiyo ni lazima. Lakini kabla ya kuchora mstari wa kwanza, na wamhesabu kila mtu aliye juu ya mstari huo, na kila mtu aliye chini yake, mpaka baharini.